Askari Aliyefuata Mshahara wa Baba Yake

Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam. Alikuwa askari akiwa na umri wa miaka 10. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40, mbali sana na kwao, katika kambi ya mateso huko Ujerumani.

Baba yake alikuwa mgeni katika nchi yetu. Yeye mwenyewe alikufa akiwa mgeni katika nchi ya watu. Wote wawili, baba na mtoto, waliitumikia serikali ile ile kwa bunduki. Baba alifia vitani. Mtoto alikwenda kudai mshahara wao. Hakupewa.

Soma polepole. Ukimaliza sehemu moja, funga kitabu, umweleze mwenzako yale uliyoyasoma. Mwisho wa somo yako maneno magumu, maswali, hesabu na kazi ya kuandika.

1. Wageni wenye bunduki

Watu wa Lutindi wanajua maana ya mgeni. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kijerumani walifungua hapa Lutindi mahali pa kulea watoto waliookolewa katika utumwa. Watoto wale hawakuwa wa milima hii. Walikuwa wametekwa mbali, wakatengwa na wazazi wao. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi tangu zamani mlima huu umepokea watu ambao kwao si hapa.

Lakini wako wageni wa namna nyingine waliopita katika nchi yetu miaka ile. Hao walikuja na bunduki.

Mwaka 1884 Mjerumani mmoja aitwaye Carl Peters alizunguka Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Aliwapa wakuu wa nchi karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Wakuu wale hawakujua kusoma Kijerumani. Waliweka alama zao. Karatasi zilisema kwamba wameitoa nchi yao. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilizikubali karatasi hizo, ikawapa Peters na wenzake hati ya kutawala.

Watu wa pwani walikataa. Mwaka 1888 vita vilianza Pangani, pale mto wetu unapoingia baharini. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Abushiri. Serikali ya Ujerumani ilimtuma afisa aitwaye Wissmann aje kupigana naye. Wissmann hakuleta jeshi la Wajerumani watupu. Mwaka 1889 alipitia Misri, akaandika huko askari wapatao 600 waliotoka Sudani. Akachukua na wengine kutoka Msumbiji. Wajerumani walikuwa wachache tu, nao walikuwa maofisa.

Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889.

Kwa nini watu wa Sudani walikubali kupigana vita visivyo vyao? Wengi wao walikuwa askari wa serikali ya Misri, na kazi yao ilikuwa imekwisha. Hawakuwa na mashamba, wala njia ya kurudi makwao. Walijua kazi moja tu, nayo ni ya bunduki. Alipotokea mtu mwenye mshahara, walimfuata. Wengine walikaa katika nchi hii mpaka kufa kwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Watu waliwaita Wanubi.

2. Mtoto wa effendi

Mmoja wa askari hao waliotoka Sudani aliitwa Adam Mohamed. Alipanda cheo, akawa effendi. Hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kupata katika jeshi la Wajerumani. Hata hivyo effendi aliamriwa na kila ofisa wa Kizungu, hata kama ofisa huyo alikuwa kijana aliyeshuka melini jana.

Tarehe 22 Februari 1904, Adam Mohamed alipata mtoto wa kiume huko Dar es Salaam. Mtoto akaitwa Mahjub. Jina lake kamili lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed.

Mahjub alijifunza Kijerumani angali mdogo. Alijua kusoma na kuandika, hata akapata kazi ya uandishi huko Lindi kabla hajafikia umri wa kubaleghe. Lugha yake ya nyumbani na ya mtaani ilikuwa Kiswahili. Akilini mwake yeye hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata, 1905, watu wa kusini waliinuka katika Vita vya Maji Maji. Serikali iliwatuma askari kuvizima vita hivyo. Vijiji vilichomwa moto, na chakula kikateketezwa. Watu wengi sana walikufa kwa njaa. Lazima tuukumbuke ukweli huu tunaposoma habari za askari. Mshahara wa askari ulitoka katika kodi ya watu wale wale waliopigwa. Askari alikuwa mtumishi wa serikali, na serikali ile ilikuwa ya kuwatawala watu kwa nguvu.

3. Vita vya Wazungu vyafika kwetu

Mwezi Agosti mwaka 1914 vita kubwa vilianza Ulaya. Ujerumani ilipigana na Uingereza, Ufaransa na nchi nyingine. Vita hivyo vilifika kwetu kwa sababu nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na jirani yetu Kenya ilikuwa chini ya Waingereza.

Mwezi Novemba mwaka 1914 Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka Uhindi. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Lakini Waingereza walishindwa, wakarudi melini. Wahindi wengi walikufa katika mashamba na vichaka vya Tanga. Nao pia walikuwa wageni waliokuja kufa katika vita vya watu wengine.

Mwezi Juni mwaka 1916 vita vilifika Korogwe na Handeni. Jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, liliteremka kufuata bonde la mto Pangani na reli ya Tanga. Wajerumani walikuwa wamejenga njia ndogo ya matoroli kutoka Mombo hadi Handeni, ili wapate kuhamisha mizigo yao kwenda kusini. Majeshi yote mawili yalipita. Kila lilipopita jeshi, ng'ombe, mbuzi na mahindi yalichukuliwa. Vijana nao walichukuliwa kuwa wapagazi.

Wapagazi ndio walioteseka kupita wote. Walibeba chakula, risasi na majeruhi kwa mabega na vichwa. Walikufa kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao.

4. Askari wa miaka kumi

Vita vilipoanza mwaka 1914, Adam Mohamed alikwenda vitani. Mtoto wake Mahjub alikwenda pamoja naye. Alikuwa na umri wa miaka 10.

Mtoto huyo aliandikwa katika jeshi kuwa mwanafunzi wa ishara. Askari wa ishara hupeleka habari kutoka kikosi hiki hadi kikosi kile. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua kusoma, kuandika na kuelewa Kijerumani. Mahjub alijua yote hayo. Kwa hiyo elimu yake, ambayo ingemfaa katika kazi ya amani, ilimpeleka kwenye risasi.

Hebu mtazame mtoto wako, au mjukuu wako, mwenye miaka 10. Anachunga mbuzi, anateka maji, anacheza mpira wa matambara. Sasa mfikirie akitembea mamia ya maili porini katikati ya askari, kwa muda wa miaka mitatu.

Baba yake alikufa katika vita hivyo.

Mwezi Oktoba mwaka 1917 palikuwa na mapigano makali sana huko Mahiwa, karibu na Lindi. Yalidumu siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 18. Upande wa Waingereza walikuwako askari kutoka Naijeria. Upande wa Wajerumani walikuwako askari wa nchi yetu. Basi Waafrika waliuana na Waafrika, kwa amri ya Wazungu waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Zaidi ya watu 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Wajerumani hawakushindwa siku zile, lakini nguvu zao zilipungua sana.

Mahjub alijeruhiwa huko Mahiwa, kisha akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Wajerumani waliweka silaha chini mwezi Novemba mwaka 1918. Nchi yetu ikachukuliwa na Waingereza, ikaitwa Tanganyika. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa hawajalipwa mishahara yao ya siku za vita. Serikali iliyowaajiri ilikuwa imeondoka na deni lao.

5. Safari ya kudai

Baada ya vita Mahjub alifanya kazi ya kuhudumia watu katika meli. Alisafiri bandari nyingi. Lakini hakusahau deni.

Mwaka 1929 alifika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje, akadai mshahara wake na mshahara wa marehemu baba yake. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa. Muda wa kudai ulikuwa umekwisha.

Ndugu msomaji, fikiria jibu hilo. Wakati wa kumtia mtoto jeshini, hakuna aliyemwambia kwamba amewahi mno. Wakati wa kumlipa, aliambiwa kwamba amechelewa.

Mahjub hakurudi. Alibaki Berlin. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alipata kazi ya kuwahudumia wateja katika jumba kubwa la starehe. Tangu mwaka 1931 alikuwa pia akifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliotaka kwenda Afrika. Alilipwa kidogo, naye hakupewa heshima ya mwalimu kamili, ingawa lugha aliyoifundisha aliijua kuliko wote waliokuwa darasani.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa mwanamke mmoja aitwaye Maria Schwandner. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari 1933, Hitler alishika uongozi wa serikali ya Ujerumani.

6. Serikali ya ubaguzi

Hitler na chama chake, yaani Wanazi, walifundisha kwamba watu wa kabila lao ni bora kuliko watu wote. Waliwachukia Wayahudi kuliko wote. Waliwadharau pia Waafrika. Mwaka 1935 walitunga sheria ya kuwakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani. Baada ya muda mfupi serikali ilitangaza kwamba Waafrika nao wamo katika makatazo hayo.

Mwaka 1934 serikali ilitangaza kwamba kila aliyepigana katika vita vya 1914 hadi 1918 atapewa nishani. Mahjub aliomba nishani yake. Alikataliwa. Hawakusema kwamba hakupigana. Tatizo lilikuwa rangi yake. Basi alinunua nishani dukani, akaivaa kifuani.

Mwaka 1935 alifukuzwa kazi katika lile jumba la starehe. Maisha yakawa magumu. Yeye na Maria walizaa watoto wawili, nao wote walifariki wangali wadogo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya sinema. Wajerumani walitengeneza sinema nyingi za kusifu utawala wao wa zamani katika Afrika, maana walitamani kuurudisha. Walihitaji watu weusi wa kuonekana kama watumishi na wapagazi. Mahjub alionekana katika sinema zisizopungua 20. Ile ya mwisho ilitolewa mwaka 1941. Ilimsifu mtu mmoja tuliyekwisha kumtaja. Unamkumbuka? Ni Carl Peters, yule wa karatasi za Uzigua. Katika sinema hiyo Mahjub alikuwa kiongozi wa njia wa Peters.

Hivyo ndivyo mtoto wa Dar es Salaam alivyoishi kwa kuigiza utumishi mbele ya watu waliokataa kumlipa utumishi wake wa kweli.

Mwaka 1939 vita vikuu vya pili vilipoanza, Mahjub alijitolea kuingia jeshini tena. Jeshi lilimkataa.

7. Kambi ya Sachsenhausen

Mwezi Agosti mwaka 1941 Mahjub alikamatwa na polisi wa siri walioitwa Gestapo. Kosa aliloshtakiwa ni kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Wanazi waliliita kosa hilo kuchafua kabila. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakupata nafasi ya kujitetea. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Katika kambi hiyo wafungwa walifanyishwa kazi ngumu kwa chakula kidogo sana. Walipigwa, waliugua, walikufa kwa maelfu. Walikuwamo Wayahudi, Warusi, Wapolandi, Wajerumani waliompinga Hitler, na watu wengine wengi. Mahjub alikaa humo zaidi ya miaka mitatu.

Alikufa tarehe 24 Novemba 1944. Baada ya miezi sita hivi, serikali ya Hitler iliangushwa na vita vikaisha Ulaya.

Kwa miaka mingi habari zake hazikujulikana sana. Baadaye mwanahistoria Mjerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alitafuta karatasi za zamani katika maofisi. Alikuta barua za Mahjub za kudai mshahara, kuomba nishani, kuomba kazi. Akaandika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 2007. Mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa Berlin. Upana wake ni kama sentimita 10 tu. Mtu akitaka kulisoma lazima ainamishe kichwa.

Angalia jambo hili: karatasi ndizo zilizomnyima haki, na karatasi ndizo zilizomrudisha katika kumbukumbu. Kama Mahjub asingejua kuandika barua, leo tusingejua kwamba aliishi.

8. Mazungumzo ya darasani

Soma mazungumzo haya pamoja na wenzako. Mmoja awe Mzee, mmoja awe Mama, mmoja awe Mwalimu.

Mzee: Mimi simwonei huruma sana. Baba yake alikuja na bunduki kuwapiga watu wetu. Aliyelala na mbwa huamka na viroboto.

Mama: Shikamoo, babu. Niruhusu nikupinge kidogo.

Mzee: Marahaba, mjukuu wangu. Nipinge tu. Darasa ni la wote.

Mama: Baba alichagua. Lakini mtoto wa miaka 10 alichagua nini? Alimfuata baba yake. Hata wangu angenifuata.

Mzee: Hayo ya utoto sawa. Je, alipokuwa mtu mzima? Mbona aliwanyenyekea? Alinunua nishani dukani! Akaigiza na ile sinema ya Peters, aliyewadanganya babu zetu wa Uzigua.

Mama: Alikuwa na njaa, babu. Halafu alitaka wakiri kwamba alipigana. Mtu aliyedhulumiwa hubaki mlangoni pa mdeni wake. Wewe si uliwahi kusimulia watu wa mashamba ya mkonge, waliokwenda mara kumi kudai siku zao?

Mzee: Kweli. Kipande kilikuwa cha siku 30. Siku ambayo mnyapara hakuitia alama ni siku uliyofanya kazi bure. Mtu asiyejua kusoma alihesabu kwa vijiti. Karani alihesabu kwa kalamu. Kalamu ilishinda.

Mwalimu: Wote wawili mmesema vizuri. Mtu mmoja anaweza kuwa amefanya kazi mbaya na pia kuwa amedhulumiwa. Jambo moja halifuti la pili. Serikali ilimtumia dhidi ya wenzake, kisha ikamtupa. Tukisema la kwanza tu, tunamsahau mtoto yule. Tukisema la pili tu, tunawasahau waliochomewa vijiji.

Mzee: Basi tumwite nani? Shujaa?

Mwalimu: Hilo nawaachia nyinyi. Ndilo swali la majadiliano.

9. Tunajifunza nini?

Kwanza, mtoto si askari. Anayempa mtoto kazi ya vita anamwibia maisha yake, hata kama anamsifu kwa ushujaa.

Pili, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Wakuu wa Uzigua walitia alama zao mwaka 1884, na nchi ikakaa chini ya wageni kwa miaka zaidi ya 70. Karatasi ikiwa ya lugha usiyoijua, tafuta mtu unayemwamini akusomee. Asipopatikana, ngoja.

Tatu, kila deni lina muda wake wa kudai. Ukimfanyia mtu kazi, uwe na mkataba. Ukiuza mazao, chukua stakabadhi. Weka karatasi zako mahali pasipofikiwa na mvua, mchwa wala panya. Mzazi akifariki, tazama mapema kama anadai mahali au anadaiwa. Usingoje miaka.

Nne, mgeni ana haki. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe walifanya kazi watu waliotoka mbali, hata nje ya nchi. Wengi wamezikwa huku. Tukimwona mtu anadhulumiwa kwa sababu tu kwao si hapa, tukumbuke mtoto wa Dar es Salaam aliyekufa Sachsenhausen.

MANENO MAGUMU

Effendi: cheo cha juu cha askari Mwafrika katika jeshi la Wajerumani.
Mateka: mtu aliyekamatwa na adui katika vita.
Mpagazi: mtu wa kubeba mizigo katika safari.
Nishani: alama ya heshima inayovaliwa kifuani.
Kipande: kadi ya kutiwa alama kila siku mfanyakazi anapomaliza kazi yake.
Mnyapara: msimamizi wa wafanyakazi.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha au mali imepokewa.
Kambi ya mateso: mahali walipofungwa na kuteswa watu bila hukumu ya haki.

MASWALI

1. Wissmann alipata wapi askari wake mwaka 1889?
2. Kwa nini Mahjub alipewa kazi ya ishara katika jeshi?
3. Ni mambo gani mawili yaliyompata Mahjub huko Mahiwa?
4. Alikwenda Berlin kudai nini? Alijibiwa nini?
5. Kwa nini alinyimwa nishani?
6. Jina la Kariakoo limetoka wapi?

HESABU

1. Mahjub alizaliwa mwaka 1904, akaingia jeshini mwaka 1914. Alikufa mwezi Novemba mwaka 1944. Tangu kuingia jeshini hadi kufa kwake ilipita miaka mingapi?
2. Vita viliisha mwaka 1918. Mahjub alifika Berlin mwaka 1929. Ilipita miaka mingapi?
3. Tuseme askari mmoja alipaswa kulipwa rupia 20 kwa mwezi, naye hakulipwa kwa miezi 17. Anadai rupia ngapi?

MAJADILIANO

1. Je, Mahjub alikuwa shujaa, mdhulumiwa, au vyote viwili? Kila mtu atoe sababu zake.
2. Wazee wa kijiji chenu wanakumbuka nini walichosimuliwa na wazazi wao juu ya vita vya 1914 hadi 1918? Waulizeni. Andikeni majibu yao kabla hayajapotea.

KAZI YA KUANDIKA

Tuseme umemfanyia mtu kibarua cha kupalilia shamba kwa siku 12, naye hajakulipa. Mwandikie barua ya kudai. Taja tarehe ulizofanya kazi, mapatano yenu, kiasi unachodai, na siku unayotaka kulipwa. Tumia maneno ya heshima. Andika nakala mbili: moja mpelekee, na moja iweke ndani.